Kasoro: Dakika ya Nne, Kicheko

Kama una simu yenye memori kadi na unaishi mahali popote kati ya Kibirizi na Ilagala, huenda tayari tunafahamiana. Mimi ndiye Kassimu. Yule aliyetia chumvi ndani ya mtungi wa maji ili isilowe na mvua. Nina shahada ya fasihi, na tasnifu yangu ya kurasa sitini na nane ilihusu vichekesho katika ushairi mwepesi. Mwalimu aliyenisimamia aliniambia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kusoma kitu cha huzuni kama kile. Nilidhani ananisifu. Lakini hayo hayamo kwenye memori kadi.

Nilirudi nyumbani Ujiji nikiwa na vyeti ndani ya bahasha ya kaki na imani kwamba nchi inanisubiri. Wakati nchi inajiandaa kunipokea, nilikaa kwa Bibi, nikamchotea maji, na muda uliobaki nikawa mtandaoni. Huko ndiko nilikokutana na kikundi cha watu wa kujitolea wanaosoma kwa sauti vitabu vya zamani, vile ambavyo haki miliki zake zimekwisha muda, na kuviweka bure ili yeyote avipakue na kusikiliza. Nilifungua sehemu ya vichekesho. Lugha nyingine zilikuwa na mamia ya hadithi na mashairi. Kiswahili kilikuwa na faili moja ya sekunde kumi na nne, ambamo mtu anakohoa, kisha anauliza, "Inasikika?"

Sitaficha: machozi yalinitoka. Niliona kwamba nimepata kazi ya maisha yangu.

Kitabu kilikuwepo. Babu, aliyekuwa karani wa reli hapa Kigoma, aliacha saa isiyotembea, koti, na kitabu kisicho na jalada chenye hadithi kumi na moja za kuchekesha, na baina ya hadithi na hadithi kuna mashairi mepesi. Ndani yake mhusika ni mmoja tu, anaitwa Mjinga, basi, hana jina jingine. Mwaka wa kupigwa chapa uko chini ya ukurasa wa mwisho. Niliupiga picha nikamtumia Jeremia, mhakiki wa kikundi kwa upande wa Kiswahili, mtu wa Dodoma ambaye mpaka leo sijamwona uso. Alichunguza kwa wiki mbili, halafu akajibu neno moja: "Ruksa."

Na msomaji pia alikuwepo. Bibi yangu, Bi Ashura, mama mzazi wa baba yangu, anakijua kitabu kile kuliko anavyozijua njia za Ujiji. Kila alasiri wanawake wa mtaani hukusanyika uani kwake kupukuchua chikichi, maana mawese hayajitengenezi, na tangu zamani sana, mikono ikiwa kazini, Bibi huwasomea. Sauti yake ilikuwa pana na ya chini kidogo, yenye kitu kama mkwaruzo wa makusudi mwishoni mwa sentensi, pale anapojua kwamba mtu yuko karibu kucheka.

Nasema ilikuwa. Bibi alikuwa na rovu shingoni, lililoanza dogo tangu ujana wake. Yeye mwenyewe aliliita "mgeni wangu". Mwaka huu mgeni alianza kumkaba. Daktari alipanga kumpasua baada ya wiki tatu, akatukalisha na kutueleza wazi: mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na pale atakapokata. Sauti inaweza kubaki ilivyo. Inaweza kukwaruza. Inaweza kwenda na isirudi.

"Basi itakuwa imechoka na mimi," Bibi alimwambia daktari. "Tumekaa pamoja miaka sabini na moja."

Nilitoka pale nikiwa na wiki tatu na simu moja. Nilijiapiza: sauti ya Bibi haitapotea. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu, na naomba mlikumbuke mnaposoma nilivyolifanya.

Siku ya kwanza nilirekodi uani. Niliweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Wanawake walikuwa saba, mikungu ya chikichi katikati yao. Mama Eufrasia, jirani yetu aliyeolewa huku kutoka Kasulu, aliingia amechelewa, akasalimu, "Mwiriwe wenye mji," akakaa karibu kabisa na simu. Mama Eufrasia akicheka, mbuzi wa nyumba ya tatu husimama. Bibi akavaa miwani, akafungua ukurasa wa shairi la chumvi:

Kassimu kenda sokoni, kanunua chumvi yake,
Mvua ikaja njiani, kafikiri peke yake,
Kaitia mtungini, wa maji, wa mama yake,
Kasema, "Sasa salama, mvua haitaiona!"

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Bibi, pameandikwa 'Mjinga'."

"Najua kusoma."

"Sasa mbona unasema Kassimu?"

"Mjinga gani? Wa wapi? Mtoto wa nani?" Bibi alishusha miwani. "Hawa watamchekaje mtu wasiyemjua?"

"Kweli," alisema Mama Eufrasia. "Mimi mtu asiye na kwao siwezi kumcheka. Naona kama namwonea."

"Babu yako alipokuwa hai nilikuwa namsoma yeye," Bibi akasema. "Alipokufa akakuachia nafasi. Si wewe ndiye mume wangu sasa?"

"Lakini Bibi, kitabu..."

"Na yeye kesho yake alinisoma mimi. Tulikuwa tunajibizana mpaka chakula kinapoa. Wewe ukitaniwa unakaa kimya kama uko msikitini. Jamani, nimeolewa na ukuta!"

Wanawake walicheka. Nami, badala ya kujibu kama mjukuu yeyote mwenye akili timamu angemjibu bibi yake, niliwaeleza kuhusu uaminifu kwa matini asilia. Nilitumia maneno hayohayo: matini asilia. Mama Eufrasia alinitazama kwa huruma, akanisogezea chikichi nipukuchue.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza hata kulalamika kuhusu mizani. "Mjinga" ni silabi tatu. "Kassimu" ni silabi tatu. Jina langu lilikaa pale kama limeshonwa na fundi.

Bibi aliendelea na ubeti wa pili, na simu ikachukua kila kitu:

Mama kauliza, "Mwana, chumvi umeweka wapi?"
Kassimu kacheka sana, "Mvua itajua vipi?"
Kafunua, hakuona, hata chembe moja, wapi!
Akanywa kuhakikisha, akasema, "Imo humu!"

Kicheko kilichofuata kilidumu, kwa mujibu wa Jeremia, sekunde ishirini na sita. Alinitumia orodha siku ya pili yake. Jeremia hutumia lugha ya upole sana, na ndiyo maana orodha zake zinachoma:

"Ndugu Kassimu, hongera kwa kazi. Kasoro chache. Dakika 0:40, kuku. Dakika 1:15, pikipiki. Dakika 1:52, msomaji anasema 'Kassimu', kitabuni ni 'Mjinga'. Dakika 2:10, adhana. Dakika 2:11, adhana nyingine. Dakika 2:13, adhana ya tatu (naona mna misikiti mingi, Mashallah). Dakika 3:30, mtu anauliza bei ya mise (nimeambiwa ni kokwa za chikichi). Dakika ya nne, kicheko. Dakika ya nne na nusu, kicheko hichohicho. Kwa utaratibu wetu tunahitaji ukimya nyuma ya msomaji, na maneno yaliyomo kitabuni tu."

Zilikuwa kasoro thelathini na tisa. Nilizisoma zote, nikaona aibu kwa niaba ya Ujiji.

Kuanzia siku hiyo nilimhamishia Bibi chumbani. Nilifunga dirisha, nikatundika mablanketi ukutani, nikamkalisha kitandani ndani ya chandarua, na juu ya chandarua nikatandika shuka nzito. Nilikuwa nimesoma kwamba kitambaa hunyonya mwangwi. Kilinyonya pia hewa. Bibi alikaa mle na tochi na kitabu, jasho likimtiririka.

"Mume wangu," aliniita kutoka ndani, "unanizika kabla ya daktari?"

"Soma tu Bibi. Kama ilivyoandikwa."

"Namsomea nani?"

"Watu wote, Bibi. Dunia nzima."

"Simwoni hata mmoja."

Akasoma. Alisoma kila neno, "Mjinga" kila palipoandikwa "Mjinga", bila kuku, bila adhana, bila Mama Eufrasia. Hadithi tatu na mashairi mawili kwa siku tisa, maana hakuweza kukaa mle zaidi ya robo saa. Mgeni wake wa shingoni alikuwa akimbana pumzi. Jeremia alijibu: "Safi kabisa. Hakuna kasoro." Nililiweka jibu lile kwenye skrini ya simu yangu liwe la kwanza kuonekana kila ninapoiwasha.

Nikawapigia wanawake uani rekodi isiyo na kasoro. Walisikiliza kwa adabu. Mikono yao ilipunguza mwendo, kisha mmoja akaanza kutikisa kichwa taratibu.

"Poleni," alisema Mama Eufrasia. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Mama. Ni hadithi ya chumvi."

"Aa," akasema. "Ile ya siku ile ilikuwa ya Kassimu. Hii ya huyu ndugu mwingine siijui."

Mtu mwingine angeelewa palepale. Mimi nilihitimisha kwamba hadhira inahitaji kuelimishwa.

Hata hivyo Bibi alikuwa hakomi. Kila alasiri akitoka chumbani alikwenda uani na kusoma hadithi ileile upya, kwa namna yake, na kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwangu nilirekodi, kwa mazoea, nikijiambia kwamba huenda nikapata vipande vya kuokoa. Sikupata. Katika kila kipande Kassimu alikuwa anafanya jambo la ajabu. Kassimu alikwenda kulalamika kwa mjumbe kwamba kivuli chake kimechoka kumfuata. Kassimu alipanda mti akate tawi, akashuka kuuliza kama ameshafika juu. Simu ilijaa. Kila siku mbili nilikwenda kwenye kibanda cha Shadia, dada mmoja anayewaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi pale karibu na soko, ili anihamishie faili safi kwenye flashi na anifutie zile za uani.

"Hizi zote unafuta?" aliniuliza Shadia mara ya kwanza, hedifoni shingoni.

"Hayo ni makapi. Nifutie."

"Huyu bibi anayesoma ni nani?"

"Bibi yangu."

"Na Kassimu ni nani?"

"Ni mhusika wa kubuni," nilimjibu, mimi niliyejiandikisha kwake kwa jina la Kassimu.

Wiki hizo mambo mazuri yalianza kunitokea mjini. Watu nisiowajua waliniitikia kwa bashasha. Bodaboda walipunguza mwendo: "Kassimu! Vipi, mvua leo ipo?" Muuza matunda alinipa ndizi ya bure akasema, "Pole kaka, kula." Nilimweleza Bibi kwamba nadhani jamii imeanza kuwaheshimu wasomi. Bibi alifunika mdomo kwa upande wa khanga na kusema, "Alhamdulillahi."

Siku ya upasuaji ikafika. Nilimsindikiza hadi mlangoni mwa chumba kile ambacho ndugu hawaingii. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha magurudumu, na alinishika mkono, akanivuta.

"Kassimu," alisema, na si "mume wangu", ndipo nikajua kwamba anaogopa. "Sauti yangu umeiweka?"

"Nimeiweka, Bibi. Safi kabisa. Haina kasoro."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Rovu lilitoka, pumzi ikarudi, rangi ya uso ikarudi. Sauti haikurudi. Siku ya tatu alifungua mdomo kuomba maji na kilichotoka kilikuwa hewa tupu, kama mtu anayepuliza chai. Daktari alisema tusubiri miezi, huenda ikaja kidogo, huenda isije. Bibi alimsikiliza, akageukia ukutani. Jioni ile hakula.

Asubuhi yake nikaenda na dawa yangu. Nilimvalisha hedifoni kwa upole, nikampigia shairi la chumvi, ile rekodi safi. Nilimtazama usoni nikingoja muujiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Nani huyu?" alinong'ona.

"Ni wewe, Bibi."

Alifikiri kidogo. "Huyu mwanamke amefiwa," alinong'ona tena. Kisha akafumba macho, na chozi moja likashuka kuelekea sikioni.

Nilitoka nje ya wodi. Nilikuwa nimeahidi kuweka sauti ya mtu, na nilichoweka ni mtu akihesabu maneno gizani. Sauti yenyewe, ile yenye mkwaruzo wa makusudi, ilikuwa imepita mikononi mwangu zaidi ya mara arobaini na kila mara niliipeleka mwenyewe kufutwa, tena kwa kupanga foleni. Kwa sababu gani? Kuku, nilisema. Adhana. Matini asilia. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya hospitali, na kwa mara ya kwanza nilijiambia ukweli: kuku hawakunisumbua kabisa. Kilichonisumbua ni jina langu.

Nyuma ya wodi kuna banda ambapo ndugu wa wagonjwa hupika uji. Nikiwa pale kwenye ngazi nilisikia wanawake wakicheka, halafu kimya, halafu sauti pana, ya chini kidogo:

Akanywa kuhakikisha, akasema, "Imo humu!"

Na juu yake, kicheko cha Mama Eufrasia, sekunde ishirini na sita.

Sikumbuki kusimama. Nilijikuta bandani mbele ya mama mmoja mnene anayekoroga uji, simu imechomekwa kwenye kifundo cha khanga yake kifuani, na sauti ya bibi yangu inatoka mle.

"Shikamoo mama. Hiyo umeipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hii? Mbona iko kila mahali. Mimi nimetoka nayo Ilagala. Mume wangu yumo humo ndani, kavunjika mguu, nikimpigia hii anacheka mpaka plasta inagonga kitanda." Aliongeza sauti. "Unamjua huyu Kassimu? Wanasema ni mtu wa kweli, yuko hapohapo Ujiji. Tena kasoma hadi chuo kikuu."

"Maskini," akasema mwenzake.

"Mama yake lazima anateseka," akasema wa tatu.

"Na wewe unaitwa nani, baba?" aliniuliza yule mama.

"Faridi," nilisema.

Naandika hapa kwa sababu nilijiahidi kutoficha kitu. Nilikuwa natafuta sauti ya bibi yangu, nimeipata hai, na neno langu la kwanza lilikuwa la kujificha.

Nilikwenda kwa Shadia nusu natembea, nusu nakimbia. Aliponiona akasogeza kiti chake nyuma.

"Dada Shadia, nilikwambia ufute."

"Kwenye simu yako. Kwenye simu nilifuta. Kompyuta hukuitaja." Alinitazama vizuri. "Usinipigie kelele, kaka. Nilijaribu kufuta ile ya kwanza, nikaisikiliza kidogo, nikashindwa. Mteja akasikia, akaitaka. Sijauza hata moja. Mtu akija kuingiza nyimbo, nampa na Kassimu, bure."

Bure. Nikamwazia Jeremia na kikundi chetu, na ile rafu yetu yenye mtu anayekohoa.

Shadia aligeuza skrini. Palikuwa na folda imeandikwa KASSIMU, na ndani yake faili arobaini na tatu. Zote. Kivuli kilichochoka. Mti. Hata siku aliyosema ameolewa na ukuta, maana kile kitufe cha kusimamisha, kumbe sikukibonyeza sawasawa.

"Kama unataka nifute sasa, nafuta mbele yako," alisema. "Ila zilizo kwenye simu za watu sina la kufanya."

Nisingependa msomaji afikiri nilikuwa shujaa. Mfukoni mwangu kulikuwa na barua ya kunikubalia kufundisha Kiswahili kwa kujitolea katika shule moja ya Ilagala. Ilagala! Niliona darasa lenye wanafunzi sitini, naingia na chaki, naandika jina langu ubaoni. Nikamwomba Shadia tujaribu jambo moja: tukate "Kassimu" kwenye faili ya chumvi, pabaki pengo tu. Alikuwa fundi, alimaliza kwa dakika chache. Tukasikiliza. Bibi alikuwa anakimbia vizuri kwenye mstari, kisha anatumbukia shimoni, anatoka, anakimbia, anatumbukia tena. Na wanawake walikuwa wanacheka shimo.

"Rudisha," nilisema.

"Lote?"

"Lote. Nipe zote arobaini na tatu. Na kwa watu endelea kuwapa."

Bibi alikuwa bado ameelekea ukutani nilipoingia wodini. Sikumvalisha hedifoni. Niliweka simu juu ya kabati dogo la chuma, nikafungua sauti hadi mwisho. Kuku akawika. Pikipiki ikapita. Kisha: "Kassimu kenda sokoni."

Bibi akageuka.

Alijisikiliza kama mtu anayetazama mgeni akishuka melini na kugundua ni ndugu yake. Ilipofika "Imo humu!", mabega yake yalianza kutikisika. Mdomo ulikuwa wazi, macho yamejaa, na hakuna kilichosikika isipokuwa hewa ikiingia na kutoka kwa mluzi mwembamba. Kitanda cha jirani kikaanza kucheka, kisha cha tatu. Kwenye kitanda cha mwisho dirishani mgonjwa mmoja alinyanyuka kwa viwiko: "Ndiye yeye? Bibi wa Kassimu ndiye huyu?" Nesi akaja mbio akasema tunataka kumfumua nyuzi. Bibi alijishika shingo kwa mikono miwili na kuendelea kucheka.

Yule mama wa uji alikuwa amesimama mlangoni, kafuata sauti, mwiko mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akamtazama Bibi.

"Faridi," alisema taratibu, "huyu ni nani wako?"

"Bibi yangu," nilisema. "Na mimi si Faridi, mama. Mimi ndiye Kassimu."

Alishika mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alikuja akanipa mkono wa heshima, kwa mikono miwili, akisema mumewe hataamini.

Nilimwandikia Jeremia barua ndefu na kumtumia faili zote. Nilimweleza kwamba zina kasoro na kwamba siombi ruksa ya kuzisafisha. Zilipita siku nne. Orodha ilipokuja ilikuwa na kurasa sita.

"Faili ya kwanza. Dakika ya nne, kicheko. Dakika ya nne na nusu, kicheko. Dakika ya tano, hapa nami nilicheka, mke wangu akaja kuuliza. Samahani, si sehemu ya uhakiki. Ndugu Kassimu, kwa utaratibu wetu rekodi hizi haziwezi kuitwa kitabu kile, kwa kuwa maneno si ya kitabu. Nimewaomba wenzangu ziwekwe peke yake, kama masimulizi. Wamekubali. Wanauliza jina la msomaji, na kama Kassimu anaridhia kutajwa."

Nilijaza fomu. Msomaji: Ashura. Penye nafasi ya mhusika, badala ya "Mjinga", niliandika jina langu kamili, na la baba yangu, na mtaa.

Zilibaki hadithi nane ambazo Bibi hakuwahi kuzisoma mbele ya simu. Aliporudi nyumbani, wanawake walikuja na mikungu yao kama kawaida. Bibi alikaa mahali pake, kitambaa cheupe shingoni, akakifungua kitabu, akakitazama. Kisha akaninyooshea.

Nilikipokea. Nikafungua penye shairi la kuku. Mama Eufrasia alijisogeza karibu na simu. Nikasafisha koo, na kwa sauti yangu nyembamba ya mtu wa taarifa ya habari nikaanza:

Ashura kafuga kuku, amwite alfajiri,
Kakesha huo usiku, macho kodo, asubiri...

Uani mikono ikaacha kupukuchua. Bibi aliinua uso polepole.

"Anasubiri nini sasa?" aliuliza Mama Eufrasia, kwa sauti ya mtu anayeshika kitu kisimwagike.

"Anamlinda kuku," nilisema, nikimtazama Bibi usoni, "asije akachelewa kuamka."

Mbuzi wa nyumba ya tatu nadhani alisimama. Bibi alinirushia chikichi moja, ikanipata kwenye paji la uso. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Jeremia aliniandikia kesho yake. Alikuwa na kasoro ishirini na mbili, na swali moja: "Dakika ya pili na sekunde sita, nasikia kama upepo unapenya mahali, mluzi mwembamba, unaendelea muda mrefu. Je, mlisahau kufunga dirisha?"

Nikamjibu kwamba tulikuwa nje, hakukuwa na dirisha, na siku ile upepo wa ziwa haukuvuma. Huyo ni Bibi, nikamwandikia, anacheka. Usiitoe.